Wavu Unaruhusiwa, Mabuti Hayaruhusiwi

Kijiji cha Kuigaarpak,
Mto Kuskokwim,
Alaska.
Alhamisi, wiki ya tatu ya Juni.

Kwa Msimamizi Mkuu wa Kadi za Chakula,
Makao Makuu.

Ndugu Msimamizi,

YAH: WAVU MMOJA WA KIJANI NA FOMU MOJA YA WARIDI

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako siku hizi jua linakataa kuzama na mbu wanakataa kushiba. Sisi hatujambo, isipokuwa mama mkwe wangu, Mama Anuska, ambaye ana hasira, na mimi ninayekaa naye nyumba moja. Natumaini nawe hujambo, na kwamba hapo mezani pako pana chai.

Mimi ni Olinka Evon, mjane wa marehemu Matfi, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu na kadi yako ya chakula kwa miaka kumi na mmoja. Sijawahi kukulalamikia. Hata mwaka ule uliponiandikia kwamba kumbukumbu zinaonyesha nimekufa, nilikujibu kwa adabu kuwa bado. Lakini sasa maji yamenifika shingoni, nami naomba usome barua hii ukiwa umekaa.

Jumamosi hii, kuanzia alfajiri saa kumi na mbili hadi jioni saa kumi na mbili, tumeruhusiwa kutega nyavu mtoni. Siku moja. Baada ya hapo mto unafungwa tena na hakuna ajuaye utafunguliwa lini, hata hao wanaoufunga. Mwaka jana walitufungulia siku moja vilevile, na siku hiyo gogo lenye ukubwa wa kanisa likaelea na kupita katikati ya wavu wangu. Uchaga wetu wa kukaushia samaki ukakaa mtupu, mara ya kwanza tangu niolewe. Mama Anuska ana miaka tisini na mmoja. Alikula tambi za pakiti kutoka Oktoba mpaka Mei. Kufika Februari alikuwa haongei na tambi wala na mimi, na pete yake ya ndoa tukaifunga uzi isidondoke. Ndugu Msimamizi, bibi huyu akipitisha majira mengine ya baridi bila samaki, mimi nitamzika, na udongo wa kwetu wakati huo hauchimbiki. Ndiyo maana naandika. Nahitaji wavu kabla ya kesho jioni.

Najua barua hii itakufikia wiki mbili baada ya Jumamosi. Hilo nalo nalilalamikia, ila silipi namba. Yafuatayo nimeyapa namba, maana nimesikia kwamba ofisini kwenu kisicho na namba hakisomwi.

1. MABUTI. Nashukuru sana kwamba sisi tunaoishi mbali na barabara mmeturuhusu kununua kwa kadi vyombo vya kujitafutia chakula: wavu, mshipi, ndoana, kamba, kisu, na hata nyundo ya kuvunjia barafu. Mungu awabariki. Ila mabuti ya mpira hayaruhusiwi, kwa kuwa mabuti ni nguo. Basi, kwa mujibu wa sheria, wavu uingie mtoni na mimi nibaki ukingoni nikiupigia makofi. Mto wetu mwezi wa sita una baridi ya kung'oa kucha. Nilimwambia hivyo Bwana Dwight, meneja wa duka letu, mtu mwema aliyeletwa na ndege kutoka Nebraska miaka miwili iliyopita na ambaye bado hajazoea. Akanijibu, "Olinka, mabuti hayaliwi." Nikamwuliza kama yeye amewahi kula wavu. Akaenda kupanga makopo.

2. PETROLI. Wavu hauna miguu. Mahali pa kutegea ni maili sita juu ya mto, na boti ya shemeji yangu Wassillie inakunywa petroli kuliko Wassillie mwenyewe alivyokuwa akinywa kabla hajaokoka. Kadi hainunui petroli. Dwight akashauri tupige makasia. Huyu ni mtu anayewasha pikipiki ya theluji kwenda kutupa takataka.

3. KISU NA RISASI. Kisu kinaruhusiwa, risasi haziruhusiwi. Sasa yule mnyama wetu mkubwa wa msituni, mwenye pembe pana kama masinia mawili, mnataka nimwendee vipi? Nimpigie hodi? Nimwamkie shikamoo, nimwombe alale ubavu, kisha nitoe kisu nilichokinunua kihalali?

4. Hili nimelifuta. Lilikuwa tusi.

5. SUPU. Pale dukani pana supu inayochemka kwenye sufuria ya umeme, na kadi haiinunui kwa sababu ni ya moto. Chakula cha moto ni mwiko, chakula kilichoganda ni ruksa. Januari iliyopita nilimwomba Dwight anipimie bakuli moja, niitoe nje mlangoni. Kulikuwa na baridi ambayo mate yanafika chini yakiwa kokoto. Baada ya dakika chache nikarudi na bakuli la supu iliyoganda, nikaliweka mbele yake pamoja na kadi. Ndugu Msimamizi, yule bwana alitokwa na jasho. Alifungua kitabu cha kanuni, akakifunga, akakifungua tena, akasema, "Olinka, supu hii ilikuwa ya moto." Nikamjibu kwamba hata Dwight alikuwa mtoto, lakini duka wamempa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, naye akanilipia supu kutoka mfukoni mwake, nami nikaona haya. Hilo naliandika ili ujue kwamba sina ugomvi naye.

6. FOMU YA WARIDI. Sasa ndugu yangu vuta kiti, hapa ndipo penye kidonda.

Wavu upo. Umening'inia juu ya friji ya aiskrimu, wa kijani, wenye matundu ya kipimo kinachotakiwa mwaka huu, maboya yake meupe, chubwi zake nzito za kuuzamisha. Kadi yangu ina salio la kutosha. Jumatatu nilikwenda kuuchukua, Dwight akaniletea karatasi ya rangi ya waridi. Anasema kuna wakaguzi wanakuja, na kila mtu anayenunua chombo cha uvuvi kwa kadi lazima ajaze kuthibitisha kwamba hataki kukifanya pazia. Maswali ni matatu. La kwanza: Je, chombo hiki kitatumika kupata chakula? La pili: Taja samaki au mnyama unayetarajia kumpata. La tatu: Idadi.

Ndugu Msimamizi, wewe una mama. Je, mama yako alikufundisha kutangaza utakachopata kabla hujakipata?

Kwetu hilo halifanywi. Wale wa mtoni wana masikio. Hapa nitawaandika kwa jina lao mara moja tu, samoni, na nimefunga dirisha, na ninatumia kalamu ya risasi ili nifute haraka wakipita. Hawavuliwi kwa ujanja wa mtu. Wanajileta wenyewe kwa mtu mnyenyekevu, mwenye mkono wazi, asiyejigamba. Ukianza kuwataja na kuwahesabu hawajafika bado, wanaona umekwisha kujifanya mmiliki wao, basi wanapita upande wa pili wa kisiwa, na wewe unabaki na wavu wako na mdomo wako. Mama Anuska anamkumbuka mtu wa kijiji cha chini, jina lake silitaji kwa kuwa wajukuu wake wako hai na ni wakali, aliyesimama sokoni akasema, "Kesho najaza boti mpaka ukingoni!" Kesho yake akavuta wavu, akapata magogo manne na buti moja la mguu wa kushoto.

Kwa hiyo nilijaza fomu jinsi nilivyolelewa. Swali la kwanza nikaandika: Labda. La pili: Siwezi kusema. La tatu: Pengine hakuna, mimi si hodari wa kutega na wavu wenyewe ni mdogo. Ni majibu ya mwanamke mwenye heshima zake. Dwight akayasoma, akavua miwani, akanitazama kwa huruma. "Olinka, umeandika hutapata kitu. Kadi haiwezi kununua chombo cha kutopata kitu."

Jumanne nikarudi. Swali la pili nikaandika: Yeyote atakayependa kuja. Dwight akasema kompyuta haina samaki wa jina hilo. Jumatano nikaona nisiandike neno lolote, nikachora. Nilichora mkia tu, kichwa sikukichora, ili asinione. Kusema kweli ulikuwa mkia mzuri. Dwight akaugeuza juu chini, akaugeuza tena, akasema mkia peke yake hautoshi kwa mkaguzi, labda niongeze mapezi. Nikamwambia mapezi siongezi. Tukabaki tukiutazama ule mkia, mimi na yeye na aiskrimu zake.

"Basi niandikie idadi tu," akaniomba, "hata ishirini." Ishirini! Nilitazama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia. Mto uko hatua mia moja kutoka pale dukani.

Nilipomweleza Mama Anuska alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. Akauliza, "Sasa nitakufa na tambi tumboni?" Nilikwenda kwenye bafu la mvuke nikalia humo, maana humo ndani kila mtu ana maji usoni.

Na uchungu wenyewe haujaisha hapo. Jumatano hiyohiyo, pale pale kwenye rafu, kadi yangu ilikuwa tayari kununua bila swali hata moja samaki wa aina hiyohiyo ndani ya kopo, aliyesafiri kutoka sijui wapi, bei dola kumi na moja, na kwenye karatasi ya kopo wamechora mto unaofanana kabisa na wetu. Nilimnunua. Mama Anuska alilitazama kopo, akalitikisa sikioni, akasema, "Huyu amefia mbali," akalirudisha mezani. Liko hapo mpaka sasa, tunaliheshimu kama mgeni asiyejulikana. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

7. MBEGU ZA KABICHI. Kadi inanunua mbegu. Mwezi wa tano nilinunua pakiti mbili za kabichi, na hakuna aliyeniuliza nitavuna kabichi ngapi. Mbona kabichi haina masikio! Kabichi ningeitaja, ningeihesabu, ningeipa hata jina la ubatizo, isingekimbilia upande wa pili wa kisiwa. Mnamwuliza asiyefaa kuulizwa na mnamwacha yule ambaye kuulizwa kwake hakuna madhara. Hapo naona kuna kosa la kiutawala.

8. SHEMEJI YANGU. Hapa nina ombi zaidi kuliko lalamiko. Dwight amenisomea kanuni mara tatu, na inasema chombo kinachoruhusiwa ni kile kinachotumika kupata chakula. Wassillie anatumika kupata chakula. Kwa hiyo Wassillie ni chombo. Naomba aingizwe kwenye orodha, kati ya ndoana na nyundo ya barafu, au popote mtakapoona pana nafasi. Akishaingia, vitu vyake navyo vitakuwa vipuri, kama vile uzi wa kushonea wavu ulivyo kipuri cha wavu: mabuti namba kumi na moja, kahawa ya moto, dawa ya kuchua mgongo, na petroli, ambayo bila hiyo chombo hiki hakiondoki mahali pake kamwe. Mkifanya hivyo, malalamiko ya 1, 2 na 5 yatakuwa yamekwisha kwa mpigo mmoja, na la 3 tutaelewana.

Usidhani ninamdhalilisha. Nilimwuliza kwanza, akiwa anarekebisha mashine ya boti. Akasema, "Shemeji, marehemu mke wangu alinifanya nyundo miaka thelathini. We andika tu." Ameongeza kwamba akikubaliwa angependa awekewe bei ya juu kuliko nyundo.

9. OMBI LA MWISHO. Ikiwa fomu ya waridi haiwezi kuondolewa, basi naomba ofisi yako imtume afisa mwenye cheo cha kutosha aje hapa Kuigaarpak, asimame mbele ya maji, awaombe radhi wale wa mtoni kwa niaba ya serikali, kwa sauti ya kawaida, bila kuwataja na bila kuwahesabu. Awaeleze kwamba maswali yale hayakutoka kwetu. Aje na mabuti yake mwenyewe, kwani sisi hatuna ya kumwazima. Tutampa mahali pa kulala na tutampikia. Tambi zipo.

Ndugu Msimamizi, sipendi kukuchosha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mimi sikuiti mwenye shibe, huenda nawe una fomu zako unazosumbuliwa nazo. Ninachosema ni kwamba serikali iliyonipa wavu kwa mkono wa kulia imenidai, kwa mkono wa kushoto, nijigambe mbele ya mto. Mimi siwezi. Nikijigamba hawatakuja, wasipokuja wavu utakuwa kweli ni pazia, na mkaguzi atakuwa amenishika kwa kosa alilonifanyisha yeye mwenyewe. Nimeligeuza jambo hili pande zote, silioni mlango.

Msalimie mkeo au mumeo, watoto, na wazee wote walioko huko. Wasalimie wafanyakazi wa ghorofa zote, hasa yule dada wa kwenye simu anayesema simu yangu ni muhimu sana, tumezoeana. Dwight anakusalimu ingawa hajui kama naandika. Wassillie anakusalimu na kuulizia lile la bei. Mama Anuska hakusalimu, ila hiyo ni kawaida yake, usijali.

Ni mimi, ninayekuheshimu huku nikiwa na njaa,

Olinka Evon
(mwenye kadi, hai)

TANBIHI. Leo ni Jumatatu. Ndege ya posta haikuja Ijumaa wala Jumamosi kwa sababu ya ukungu, kwa hiyo bahasha ilikuwa bado mezani na nimeifungua ili niongeze machache.

Ijumaa jioni Wassillie aliingia na wavu begani. Nilipiga kigelegele, kisha nikauliza umetokaje dukani. Akanipa nakala ya fomu. Dwight alikuwa ameijaza mwenyewe, kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: NDIYO. SAMONI. 200. Chini akatia sahihi: kwa niaba ya Olinka Evon. Nilikwenda dukani nikamkuta anafunga, nikamwambia, "Dwight, umetuua." Akasema hakuweza kulala akimfikiria yule bibi, na kwamba kama ni dhambi iandikwe kwake. Alikuwa na machozi. Nikashindwa hata kumgombeza, nikaenda ukingoni kuomba radhi peke yangu, mbu wakinila.

Jumamosi alfajiri tulitega, mimi nikiwa na mabuti ya marehemu Matfi niliyoyajaza matambara. Sikutarajia kitu, na safari hii si kwa adabu, sikutarajia kweli. Wakaja. Walikuja kama watu wanaotoka ibada ya Pasaka. Wassillie ndiye aliyehesabu, mimi nilifumba macho. Saa tisa alasiri akavuta wa mia mbili, tukautega wavu tena, na kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili jioni ukawa unatoka mtupu, msafi, hauna hata jani. Tumehesabu upya nyumbani. Ni mia mbili. Wazee wa kijiji wamepata fungu lao, Dwight amepata lake, uchaga umeinama kwa uzito, na Mama Anuska amekula kichwa kizima cha kuchemsha, akalamba vidole, akalala akikoroma. Nilikaa mlangoni nikimsikiliza akikoroma, nikalia kwa furaha.

Leo asubuhi ameamka ameshiba na hasira yake imerudi. Ameniuliza, "Huyo mtu wa Nebraska, kwa nini hakuandika mia tano?"

Kwa hiyo naomba uichukulie barua yote ya juu kuwa haikuandikwa. Fomu ni nzuri sana, msiiondoe. Nitumie nakala kumi za kuanzia, na moja iwe ya yule mwenye pembe za masinia. Nina lalamiko moja tu lililobaki: pale penye Idadi mmeweka visanduku vitatu vya tarakimu. Tafadhali ongezeni cha nne.